Igizo la kuimba na ukumbi wa harusi

Wahariri, salamu. Wiki hii mmeuliza "ukiwa na igizo la muziki ungelipeleka ukumbi gani hapa Dar, na kwa nini?" Najua wengi watawajibu kwa majina, mara Little Theatre ya Oysterbay, mara Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert, mara Nkrumah kule Mlimani. Mimi jina sina. Mimi nauliza mtu aliyekaa mstari wa mwisho atasikia maneno au hasikii? Maana igizo la kawaida neno likikupita unaunganisha mwenyewe kwa kutazama, lakini la kuimba hadithi yote imo ndani ya wimbo, ukikosa beti mbili hujui tena nani kamkosea nani.

Na msimamo wangu nauweka mapema: ukumbi wa harusi hapana, kabisa. Hizi kumbi zimejaa kuanzia Sinza mpaka Mbagala, chini tailizi, ukutani vioo na aluminiamu, juu jipsam, hakuna kitu laini cha kufyonza sauti, kwa hiyo ikitoka inagonga huku inarudi inakutana na nyingine inayokuja. MC akiomba makofi kwa bwana harusi haina shida, kila mtu anajua cha kufanya hata asiposikia. Ila mtu anayeimba shida zake tunataka tujue ni shida gani.

Yalitukuta haya. Kikundi chetu cha mtaani, vijana wengi wa kwaya na walimu kadhaa, tuliandaa igizo la mama lishe anayedaiwa kodi ya kibanda, nyimbo tumetunga wenyewe, ngoma, kinanda na gitaa. Kamati ikachukua ukumbi wa harusi, siutaji, kwa sababu uko jirani na kituo cha daladala na katikati ya wiki wanapunguza bei. Mchana tunafika kupanga vitu tunakuta jukwaani vile viti viwili vya maharusi, vikubwa, rangi ya dhahabu, vimefungwa kwa bolti, na nyuma yake ukuta mzima wa maua ya plastiki. Nikamwomba kijana wa pale atutolee. "Dada, hivyo haviondolewi, bosi amekataza." Basi kibanda cha mama lishe kikawekwa mbele ya viti vya dhahabu, jiko la mkaa na masufuria yakabanwa pembeni, waimbaji kila wakitaka kwenda upande wa pili wanakizunguka kiti cha bibi harusi. Nyuma ya jukwaa hakuna mlango, anayebadili nguo anashuka mbele za watu anakwenda chooni.

Tulipojaribu mchana sauti ilikuwa mbaya, fundi mitambo akasema watu wakijaa itatulia, na hilo ni kweli, miili na nguo zinafyonza sauti. Lakini watu walijaa nusu, na mnawajua watu wetu, wakiingia ukumbini wanakimbilia nyuma, mbele wanawaachia wazee na kamati. Fundi akaongeza spika kule nyuma ili wasikie na hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi, maana sauti hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, ukumbi wa mita 30 na kitu yule wa nyuma anapata neno la spika iliyo kichwani kwake kwanza halafu la jukwaani linamfikia kama sehemu ya kumi ya sekunde baadaye, neno moja anaambiwa mara mbili. Spika za nyuma zinatakiwa zicheleweshwe kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, na mikisa aliyokuja nayo haikuwa na uwezo huo.

Ukafika wimbo wa mama lishe kumwimbia mwanawe, wa sauti ya chini, na ndio igizo lenyewe lilipo. Nimesimama nyuma, bibi mmoja akanivuta mkono, "Mwanangu, huyu namwona anaimba ila simsikii anasema nini." Nikamwambia, bibi, anamwimbia mtoto. "Anamwambia nini?" Nikaanza kumnong'oneza maneno, mpaka majirani zake nao wakaniegemea wanisikilize mimi. Bibi akachoka. Akanyanyuka, akabeba kiti chake cha plastiki mpaka mbele kabisa, akakitua upande wa ngoma, akakaa. Hakuomba ruhusa ya mtu. Mama mwingine akafuata na cha kwake, halafu ikawa ni mkokoto wa viti ukumbi mzima, kelele kweli kweli, mwimbaji akanyamaza akasubiri. Watu wakalizunguka jukwaa pande tatu, watoto wakakaa chini kwenye tailizi. Nikampa fundi ishara azime za nyuma, akazima, akapunguza na za mbele. Wimbo ukaanza upya na tukausikia wote, hata pale anapovuta pumzi kabla ya ubeti. Bibi alikuwa anaitikia kiitikio ambacho hajawahi kukisikia kabla ya jioni ile.

Sasa nikiandika hivi naona msimamo wangu wa juu unayumba. Tungekuwa kwenye ukumbi halisi wa maigizo, viti vimepigiliwa kwa mistari, yule bibi angekwenda wapi? Na kumbi hizo kwanza uzipate. Wanakijiji wa Kamiriithu kule Limuru, Kenya, mwaka 1977 walijijengea jukwaa la wazi wakaigiza na kuimba kazi ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii mpaka serikali ikafuta kibali, na mwaka 1982 walipotaka kupeleka igizo jipya la nyimbo Kenya National Theatre, Nairobi, wakafungiwa mlango. Sisi hatufungiwi hivyo, ila Oysterbay saa nne usiku wewe wa Mbagala unarudi na nini?

Wa uwanja wa wazi watanitajia Ngome Kongwe ya Zanzibar. Napapenda, ngazi za kukalia zinapanda kila mtu anaona, na kuta zile za Waomani zinapunguza kelele za mji. Lakini nje hakuna cha kukurudishia sauti, bila maiki waimbaji wanaumia koo.

Kwa hiyo ningechukua ukumbi wa harusi, ndiyo, baada ya yote niliyosema. Ila siku ya katikati ya wiki, jukwaa tuliache na viti vyake vya dhahabu, tucheze chini, watu pande tatu na mistari isizidi sita au saba, ukutani tuning'inize mapazia mazito na mazulia, vitenge vyepesi havisaidii. Angalieni paa, kama ni bati tupu achaneni nao wakati wa mvua za masika, Machi mpaka Mei. Ulizeni pia ukumbi wa jirani una nini siku hiyo. Na kama igizo lenu ni la kucheza sana kuliko kuimba basi mimi sijawajibu, tafuteni jukwaa la mbao, tailizi zile zinateleza na mchezaji akianguka pale anavunjika.