Mwaka wa shule unaoanza mara nne

Juzi usiku mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinipigia simu. Amepata kazi ya ualimu msaidizi katika shule ya Kiyahudi huku huku Maryland, shule ya kati, na alikuwa na swali moja tu: "Dada, nivae nini siku ya kwanza?" Nikamwambia nguo ni jambo dogo. Sketi ipite magoti, mikono ifike viwikoni, basi. Lakini nilipoanza kumweleza mengine tukajikuta saa sita ya usiku imetupata simu ikiwa bado sikioni. Nayaandika hapa kwa sababu najua si yeye peke yake. Wengi wetu tulio ughaibuni tumeingia shule hizi kufundisha, kusaidia darasani au kupika, na hakuna anayekukalisha chini kukueleza.

Mimi ni mtu wa Mombasa, nafundisha hisabati darasa la sita mpaka la nane, watoto wa miaka 11 hadi 14. Nilianza mwishoni mwa Agosti 2021, na kosa langu la kwanza nililifanya kabla sijaonana na mwanafunzi hata mmoja.

Nilikuwa nimeandaa azimio la kazi la Septemba. Kwa hesabu yangu mwezi ulikuwa na siku 22 za masomo, nikazijaza vizuri: sehemu, uwiano, asilimia, na jaribio la mwisho wa mwezi. Nikampelekea mkuu wa idara. Alilisoma, akacheka bila ubaya, akachukua kalamu nyekundu. Tarehe 6, sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani. Tarehe 7 na 8, Rosh Hashanah, Mwaka Mpya wa Kiyahudi. Tarehe 16, Yom Kippur, siku ya kufunga na kuomba msamaha. Kuanzia tarehe 21 shule imefungwa kwa Sukkot, sikukuu ya vibanda, hadi tarehe 29 watu wakimaliza kucheza na Torati siku ya Simchat Torah. Alipoweka kalamu chini nilikuwa nimebakiwa na siku 11. Nusu kamili!

Kwa hiyo, mwenzangu, kabla ya daftari na kalamu itafute kalenda ya shule yenyewe, ya mwaka huu. Ya mwaka jana haikufai. Sisi tuliozoea kuona Ramadhani ikirudi nyuma kama siku 11 kila mwaka tunaelewa mwezi mwandamo, ila Wayahudi huongeza mwezi mzima mara 7 katika kila miaka 19 ili Pasaka yao isitoke katika majira ya kuchipua. Ndiyo maana Mwaka Mpya wao hauzunguki mwaka mzima kama Idi, unayumba tu kati ya Septemba na mwanzo wa Oktoba. Mwaka 2021 ulikuwa tarehe 7 Septemba, 2024 ukawa tarehe 3 Oktoba, 2025 tarehe 23 Septemba. Mwaka 2026 unaangukia Jumamosi na Jumapili, tarehe 12 na 13 Septemba, na walimu wa hisabati tunashukuru kimyakimya.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa pwani anawazidi walimu wengine wageni. Siku ya Kiyahudi inaanza jua likizama. Wenzangu wa Kimarekani wasio Wayahudi iliwachukua miezi kulizoea, wakawa wanapanga kazi za nyumbani jioni ambayo tayari ni sikukuu. Mimi bibi yangu alikuwa akisema "usiku wa Ijumaa" na sote nyumbani tukajua ni Alhamisi baada ya magharibi. Sabato ni hivyo hivyo: ukiufuata usemi wa bibi, inaingia usiku wa Jumamosi, yaani Ijumaa jua likitua. Ijumaa shule hufungwa mapema, na wakati wa baridi jua likiwahi kuzama watoto huondoka mapema zaidi. Ukitaka kumwandikia mzazi, mwandikie kabla ya hapo. Mzazi anayeshika Sabato hataigusa simu mpaka Jumamosi usiku, na ujumbe wako wa "tafadhali nijibu leo" utakuwa umekaa humo kama mgeni aliyebisha hodi nyumba isiyo na mtu.

Ndiyo nikasema mwaka huu unaanza mara nne. Unaanza Agosti, ukapumzika. Unaanza baada ya Rosh Hashanah, ukapumzika. Unaanza tena baada ya Yom Kippur, kwa siku chache za watoto kugonga misumari kwenye vibanda, halafu unaanza kwelikweli baada ya Sukkot. Kiebrania kina msemo wa kipindi hiki, acharei hachagim, baada ya sikukuu, na utausikia kwa kila kitu: mkutano baada ya sikukuu, fundi wa bomba baada ya sikukuu. Nami nimejifunza kusema hivyo hivyo. Mada yoyote ambayo somo la leo linaning'inia kwenye la jana, naiweka baada ya sikukuu.

Sasa zile siku chache za mwanzo ufanye nini? Mimi somo langu la kwanza kwa darasa la sita ni kufuli.

Sitanii. Watoto hawa wametoka shule ya msingi ambako begi lilitundikwa kwenye ndoano. Shule ya kati wanapewa kabati la chuma lenye kufuli la kuzungusha, namba tatu. Kulia raundi kadhaa usimame kwenye namba ya kwanza, kushoto uipite mara moja ndipo usimame kwenye ya pili, kulia tena moja kwa moja hadi ya tatu, vuta. Mwaka wangu wa kwanza nilimkuta mvulana mmoja ukumbini, kengele imeshalia, wenzake wameshaingia. Alikuwa ameandika namba zake kiganjani kwa wino, na jasho lilikuwa limeifuta ya katikati. Hakulia, lakini kidevu kilikuwa kinatetemeka. Tukajaribu wote wawili, 22, 23, 24, mpaka likafunguka kwenye 27. Tangu siku hiyo naanza na dakika 20 za kufuli kwa darasa zima, na hakuna hisabati iliyowahi kusikilizwa kwa makini kiasi kile.

Jambo la pili la siku hizo: uliza tarehe. Wasichana wanafikia bat mitzvah, umri wa kuwajibika kidini, wakiwa na miaka 12, wavulana bar mitzvah wakiwa na 13 (kwa baadhi ya jumuiya wasichana pia ni 13), kwa hiyo darasa la saba ni mwaka mzima wa sherehe. Mtoto anajifunza kwa miezi kusoma fungu lake la Torati kwa sauti ya kuimba, mbele ya watu, katika kitabu kisicho na alama za irabu. Nikishapata tarehe zote naziandika nyuma ya rejista. Wiki ya tarehe yake simpi jaribio, na Jumatatu baada ya sherehe kubwa sitarajii mengi kutoka kwa darasa lolote.

Kumbuka pia kwamba mzigo wao ni mara mbili. Sisi tulikwenda skuli asubuhi na madrasa jioni. Hawa wana vyote chini ya paa moja. Saa mbili asubuhi wako kwenye sala, halafu Torati, Mishna (mkusanyiko wa sheria zao za mapokeo) na Kiebrania vinagawana siku na hisabati, sayansi na Kiingereza hadi saa kumi jioni. Kazi ya nyumbani ya dakika 20 inatosha. Ukizidisha utaletewa majibu yaliyoandikwa ndani ya gari.

Na sala zenyewe. Mwezi wa Elul, unaotangulia Mwaka Mpya, asubuhi za siku za kazi hupigwa shofar, pembe ya kondoo dume. Hakuna aliyeniambia. Wiki yangu ya kwanza niliisikia nikiwa peke yangu darasani, nikadhani ni king'ora cha moto, nikachukua mkoba nikatoka mpaka getini. Mlinzi akaniuliza nakwenda wapi. Nilipomweleza aliinamisha kichwa ili nisimwone akicheka. Mtu niliyekulia na habari za siwa ya Lamu, lile baragumu la kale, nikakimbia pembe!

Watoto wenyewe watakupima kwa maswali. La kwanza kila mwaka ni kama kwetu kuna Wayahudi. Nawaambia Nairobi kuna sinagogi la tangu enzi za ukoloni, na kwamba karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Halafu nawahadithia kwamba mwaka 1903 Waingereza walipendekeza kuwapa Wayahudi ardhi katika Afrika Mashariki, Uasin Gishu, Kenya ya leo, na Mkutano wa Kizayuni ukaikataa 1905. Hapo kila mwaka anatokea mmoja wa kuuliza kama wangekuwa wakimbiaji wa marathoni.

Nikahesabu kwa Kiswahili nikifika sita, saba, tisa, wananikatiza: shesh, sheva, tesha! Namba zetu hizo tulizichukua kwenye Kiarabu, jamaa wa karibu wa Kiebrania. Ndivyo walivyoacha kuniogopa.

Kosa moja bado linaniuma. Mtoto aliyekuwa ametoka Israeli aliandika alama ya kujumlisha bila kile kijiti cha chini, kama herufi T iliyopinduliwa. Nikamkosoa kwa kalamu nyekundu, ukurasa mzima. Kesho yake akaandika vilevile, hakusema neno. Mwalimu wa Kiebrania ndiye aliyenieleza kwamba shule nyingi za msingi za huko hufundisha hivyo, kwa kuwa alama ya kawaida inafanana na msalaba. Nilimrudishia alama zake zote na kumwomba radhi mbele ya wenzake. Ukiona jambo geni kwenye daftari, uliza kwanza.

Mwisho ni chakula, na hapa usijidanganye kwamba kosher, yaani chakula kinachoruhusiwa na dini yao, na halali ni kitu kimoja. Nyama ya ngamia ni halali, kosher si. Kamba na pweza havipiti geti. Nyama haichanganywi na maziwa, wala vyombo vyake. Mimi siku ya pili kazini nilikwenda na sambusa za nyama, mapishi yangu mwenyewe, nikasimama mbele ya mikrowevu mbili, moja ya nyama ina utepe mwekundu na nyingine ya maziwa ina wa buluu, nachagua rangi niipendayo. Mama mmoja wa ofisini akanishika mkono taratibu, akanitoa nje pamoja na kopo langu, kwa kuwa nyama isiyo kosher haiingii humo, tukala naye uani, yeye tufaha lake, mimi sambusa zangu. Peremende za zawadi pia, zisome kwanza karatasi. Tafuta alama ya msimamizi, mathalani herufi U ndani ya duara.

Mdogo wangu alikuwa kimya muda mrefu upande wa pili wa simu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo dada, siku ya kwanza nibebe nini?"

Ndizi, nikamwambia. Mbili.