Ukienda kupima VVU, taja na tarehe

Hapa Kigoma mtu akishikwa na homa, kichwa kikagonga na viungo vikauma, kila mtu anasema malaria, na mara nyingi ni malaria kweli. Lakini kipimo cha malaria kikikataa, na wiki mbili hadi nne nyuma ulilala na mtu bila kondomu, tafadhali usiishie kununua dawa ya mafua. Maambukizi mapya ya VVU huweza kuanza hivyo hivyo: homa, koo, mitoki shingoni, vipele, vidonda mdomoni. Baadaye vinaondoka vyenyewe na mtu anashukuru Mungu amepona. Wengine hawasikii chochote.

Najitolea kwenye upimaji mialoni. Pale Kibirizi wavuvi wa dagaa tunawapata vizuri siku za mbalamwezi, maana taa hazivuti dagaa na mitumbwi inapumzika. Kijana mmoja nilimtoboa kidole, tukasubiri, ukatoka mstari mmoja tu, ule wa kuonyesha kipimo kinafanya kazi. Akainuka hapo hapo.

"Dada, niko safi. Ngoja niwahi."

"Kaa kwanza, mdogo wangu. Mara ya mwisho bila kinga ilikuwa lini?"

"Juma lililopita."

"Basi hilo la juma lililopita kipimo hiki hakijaliona bado."

Kipimo cha haraka tunachotumia kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, na mwili huchukua wiki kadhaa, pengine hadi miezi 3, kuzitengeneza za kutosha kuonekana. Kipo kinachotafuta virusi vyenyewe, ambacho huviona mapema zaidi. Ndicho wanachopimwa watoto wachanga wa mama wenye VVU. Kule Marekani, jimbo la North Carolina, kuanzia mwishoni mwa 2002 walikitumia kwa mwaka mzima kwenye vituo vyao vya kawaida, wakichanganya sampuli za watu wengi ili kupunguza gharama. Kati ya watu 109,250, walipata 23 ambao vipimo vya kingamwili visingewagundua. Utasema ni wachache. Mimi nawaona wengi, kwa sababu wiki hizo za mwanzo ndipo virusi hujaa sana kwenye damu na kuambukiza kwa urahisi, na mtu huyo angerudi nyumbani akiamini hana kitu.

Huku kwetu anayekuja kupima kwa kawaida hafanyiwi kipimo hicho. Kwa hiyo tarehe ndiyo inayotusaidia. Usipoulizwa, itaje mwenyewe. Kama hazijapita saa 72, usisubiri kupima baadaye: kimbilia kituo cha afya siku hiyo hiyo uulizie PEP, dawa za kuzuia maambukizi, zinazomezwa kwa siku 28. Saa hizo 72 zikipita, pima sasa, kisha rudia hadi miezi 3 itimie tangu siku ile, na kondomu isikose muda wote huo.

Mama mjamzito au anayenyonyesha nakuomba zaidi. Jibu la hudhurio la kwanza kliniki halimalizi habari. Ukiambukizwa katikati ya ujauzito au unanyonyesha, hatari ya kumpa mtoto ni kubwa kuliko kama ungekuwa tayari kwenye dawa za kufubaza VVU. Rudia kupima, na baba aje naye.

Na wenzangu tunaopima: tusimwachie mtu aondoke na neno "hana" peke yake. Mwandikieni tarehe ya kurudi kwenye kadi, na mumsomee kabla hajatoka.