Rapa Nui: usikanyage rundo la mawe

SWALI: Nitakuwa Chile na ningependa kufika Rapa Nui, yaani Kisiwa cha Pasaka, kuona zile sanamu. Ni kweli pale ni makaburini? Nijipange vipi?

JIBU: Ni kweli. Sanamu, ziitwazo moai, zilisimamishwa juu ya jukwaa la mawe, ahu, na wengi walizikwa humo. Hapo ndipo wageni hukosea: ahu nyingi zimeporomoka, zinaonekana kifusi tu, basi mtu anapanda apige picha. Usipande, hata kama hakuna kamba. Moai nayo usiiguse. Nyingi ni za jiwe laini la majivu ya volkano, humeguka. Mwaka 2008 mtalii alivunja kipande cha sikio, akakamatwa na kutozwa faini.

Tiketi ya hifadhi hudumu siku 10, lakini Rano Raraku, machimbo zilikochongwa, na Orongo, kijiji cha kale, kila moja ya sehemu hizo mbili unaingia mara moja tu. Usiichome nafasi hiyo siku ya mvua. Sehemu nyingi huingii bila mwongozaji wa kisiwani.

Kwenye ahu ya Tongariki kuna moai 15. Wapiga picha hukimbilia alfajiri, ila jua hutokea mgongoni mwa moai, nyuso zake zinabaki nyeusi. Ukitaka sura, nenda alasiri.