Kamba, mawe na maua: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Arua. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema mkwe wangu ameanza matibabu hapo Hoima, na mshauri amemwambia watatandika kamba sakafuni, wapange mawe na maua juu yake, kisha asimulie maisha yake yote, pamoja na yale ya vita vya Ituri, kule Congo. Unauliza: "Mama, kamba na mawe vitamponya mtu anayeshtuka usingizini kila usiku? Si bora asahau tu?"

Angeweza kusahau, angesahau zamani. Kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na tukio la kutisha, hukaa kichwani vipande vipande. Harufu ya moshi, mlio, moyo kwenda mbio, jasho viganjani, vyote vimebaki vibichi, ila vimekatika na mahali pake na siku yake. Ndiyo maana mlango ukibamizwa Hoima, mwili wake unajibu kama bado yuko kule. Matibabu haya, kwa Kiingereza Narrative Exposure Therapy, yanavirudisha vipande hivyo kwenye wakati wake, mpaka mwili nao ujue kwamba yale yalitokea siku ile, yakaisha.

Kikao cha kwanza ndicho cha kamba. Ncha moja ni kuzaliwa kwake. Kila jambo jema linawekewa ua, kila tukio la kutisha jiwe, kubwa au dogo kadiri yeye anavyolihisi. Kila kimoja kinapewa jina fupi, umri na mahali, basi. Undani hauguswi siku hiyo. Ncha ya pili inaachwa imekunjwa, kwa kuwa ya mbele hayajafika. Maua nayo yasirukwe. Mshauri akiharakia mawe, mtu anatoka pale akiamini hakuna kingine alichowahi kuishi.

Vikao vinavyofuata huchukua dakika 90 hadi saa mbili, mara moja au mbili kwa wiki, na kwa kawaida jumla ni kati ya 4 na 12. Anasimulia kwa mpangilio tangu utotoni. Wakifika kwenye jiwe, mwendo unapunguzwa sana: uliona nini, ulisikia nini, ulifikiri nini, mwili ulifanya nini, na sasa hivi ukiwa kwenye kiti hiki unahisi nini? Swali hilo la mwisho ndilo linalotenganisha jana na leo. Mshauri anaandika, na kikao kijacho anamsomea, wanasahihisha, wanaendelea. Mwisho kabisa maandishi yote yanasomwa, yanatiwa sahihi, na nakala inakuwa yake.

Kosa kubwa ninalotaka ulijue ni kukatisha katikati. Hofu hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe mtu akikaa nayo. Mshauri akimhurumia, akasema "tuishie hapa" hofu ikiwa juu, mwili unajifunza kwamba kumbukumbu ile haivumiliki, na usiku huo utakuwa mbaya zaidi. Kikao hakifungwi mpaka tukio limesimuliwa hadi mahali salama na pumzi imetulia. Akianza kupotea, macho yakikodoa na sauti ikififia, asiachwe azame: apishanishe miguu, akaze misuli ya mapaja na mikono, anywe maji baridi, ataje vitu anavyoviona chumbani. Na kama wanahitaji mkalimani, awe aliyefundishwa kazi hiyo, si ndugu wala jirani.

Utauliza kama kuna ushahidi. Upo, na umetoka hukuhuku kwetu Uganda. Katika kambi ya Imvepi, wakimbizi 43 kutoka Sudan walihusishwa kwenye utafiti uliochapishwa 2004. Mwaka mmoja baada ya vikao vinne vya njia hii, asilimia 29 ndio waliokuwa bado na ugonjwa wa kiwewe, wakati kwa waliopewa ushauri wa kuwatia moyo tu ilikuwa asilimia 79. Katika kambi ya Nakivale, kwenye utafiti uliochapishwa 2008, washauri walikuwa wakimbizi wenyewe waliofundishwa, si madaktari. Asilimia 70 ya waliosimulia kwa njia hii hawakuwa tena na ugonjwa. Kwa waliopata ushauri wa aina nyingine kuhusu kiwewe ilikuwa 65, na kwa waliofuatiliwa tu 37. Kwa hiyo usiifanye kamba kuwa dawa ya pekee. Zipo njia nyingine nzuri, kama ile ya kusogeza macho huku ukikumbuka, au ile ya kuchambua mawazo ya kujilaumu katika vikao 12. Mchague mshauri aliyefundishwa vizuri, kwa njia anayoijua.

Vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepam asivianze kwa ajili ya hili. Haviponyi kiwewe na huzoeleka upesi. Kama tayari anavimeza, asiviache ghafla, amwambie daktari. Waragi nayo, ile pombe kali, asinywe, hasa jioni ya kikao. Akianza kuongelea kufa, usingoje tarehe ya kikao, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Ndoto zinaweza kuzidi baada ya kikao cha pili au cha tatu. Hapo ndipo wengi huacha, na hapo ndipo nakuomba umshike. Usiku akishtuka usimtikise. Simama hatua mbili mbali, washa taa, mwite jina lake, mwambie wewe ni nani, ni siku gani, na kwamba yuko Hoima. Aweke nyayo kwenye sementi baridi, kisha umpe maji.

Kilichomo ndani ya mawe usimwulize. Mimi mkwe wake pia sitaki kukijua. Siku ya kikao asiendeshe pikipiki kurudi nyumbani. Mngoje nje ya geti, mrudi pamoja polepole, na chakula kiwe tayari.

Nakupenda, mwanangu. Msalimie sana.

Mama yako