Vidonge vya macho alivyoandikiwa mama, na mimi nianze?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 54, macho yangu hayana shida, ni miwani tu ya kusomea. Mama yangu kaambiwa ana ugonjwa wa makula wa uzeeni, uko hatua ya kati, kaandikiwa vidonge vya antioksidanti vyenye zinki na vitamini. Nimeona bora na mimi nianze kumeza mapema nisije nikafika huko. Ni sawa? Halafu huwa navuta sigara, ila si nyingi.

JIBU: Marahaba. Usivianze, na sigara umeitaja mwisho wakati ndio ilitakiwa iwe swali lenyewe.

Ngoja nikueleze. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa uzito wake inakula oksijeni nyingi kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili, inapigwa na mwanga mchana kutwa, na seli zake zinazopokea mwanga zimejaa mafuta ya omega-3 ambayo yanaharibika upesi yakikutana na oksijeni, sasa hivyo vitu vitatu vikikaa pamoja lazima zizaliwe radikali huru, zile chembe korofi zinazotafuna seli. Mwili una ulinzi wake, vitu vinavyozizima hizo chembe, ndio vinaitwa antioksidanti. Pale katikati ya retina, kwenye makula, kuna rangi ya njano ya luteini na zeaksantini, inachuja mwanga wa bluu na kuzizima hizo chembe. Mwili hauwezi kuitengeneza, unaipata kwenye chakula tu, hasa mboga za majani za kijani iliyokolea na kiini cha yai. Na moshi wa sigara unaongeza radikali huru na kumaliza hizo antioksidanti, ndio maana mvutaji hatari yake ya ugonjwa huu ni kama mara mbili ya asiyevuta au zaidi.

Vidonge vya mama vimetokana na utafiti wa Marekani unaoitwa AREDS, majibu yalitoka 2001. Waliokuwa hatua ya kati kama yeye, hatari ya kufika hatua mbaya ilipungua kama asilimia 25 ndani ya miaka 5. Sio kwamba walipona, na macho yaliyokwishaharibika hayakurudi, ni kupunguza mwendo tu (na kwa mgonjwa hiyo si haba). Ila wasio na ugonjwa au walio hatua ya mwanzo hawakuonekana kupata faida, na wewe ndio uko hapo.

Tena dozi zenyewe sio za mchezo, zinki miligramu 80 kwa siku, inazuia mwili kuchukua shaba ndio maana wakaongeza na shaba humo humo. Ile fomula ya kwanza ilikuwa na betakarotini, ambayo kwa wavutaji inaongeza hatari ya kansa ya mapafu, kwa hiyo kwenye utafiti wa pili, AREDS2 wa 2013, wakaweka luteini miligramu 10 na zeaksantini miligramu 2 badala yake. Kama mama alishawahi kuvuta, soma kopo lake uone kama lina betakarotini, na kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda amwambie daktari, vitamini E nyingi haipatani nayo.

Wewe acha sigara, kula mboga, kapimwe retina kwa sababu ugonjwa huu unatembea kwenye familia. Mama kila siku afunike jicho moja aangalie mistari iliyonyooka, fremu ya mlango inatosha, kisha abadilishe jicho. Akiona imepinda ghafla au katikati kuna doa, mpeleke haraka asisubiri tarehe ya kliniki.