Maji kwenye ngama ya mashua

Umesema mashua yako ya mbao ilikaa pwani, nchi kavu, na sasa ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani yake, inaingia maji. Usikimbilie pampu, ndugu. Chovya kidole uonje hayo maji: yakiwa hayana chumvi ni mvua inayoteremka na mlingoti, yakiwa ya chumvi ni bahari inapenya kwenye maungo. Na kwa vile mashua yako ilikaa pwani mwezi mzima, mbao zimekauka zikaachana. Zikilowa siku kadhaa hufura na kujibana zenyewe. Yetu hapa Mji wa Kale tuliitoa maji kwa kopo asubuhi na jioni, siku ya nne ngama ikabaki na unyevu tu. Isipokoma wiki nzima, mwite fundi aitie kalafati upya, yaani azibe nafasi kati ya mbao. Ila mashua ya fiberi, isiyo ya mbao, haifuri; hiyo kagua valvu za matundu yake na shafti ya injini.