Bustani ya Nyumbani: Maswali Yenu Kuhusu Okidi

Nilizawadiwa okidi ya maua meupe. Naimwagilia kila asubuhi, lakini majani yamelegea na kukunjamana kama yenye kiu. Nikiongeza maji, hali inazidi. Nifanyeje? – Mama Wawili, South B

Mama, kiu ni ya kweli, ila maji unayomwaga hayafiki kwenye majani kwa sababu mizizi imeoza. Okidi inayouzwa zaidi hapa Nairobi ni Phalaenopsis. Kwao, misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, huishi imekumbatia magome ya miti, mizizi ikipigwa na upepo. Kila mzizi umevaa ganda kama sponji: hufyonza maji kwa dakika chache, kisha hukauka. Likilowa kila siku hewa haiingii, na kuvu huanza kula.

Toa mmea chunguni leo hii, usingoje. Bonyeza mzizi mmoja mmoja kwa vidole. Mzima ni mgumu. Ukiloa huwa kijani, ukikauka hurudi rangi ya fedha. Uliooza ni wa kahawia, unabonyea, na ukiuvuta ganda linavuka kama soksi na kuacha uzi mwembamba. Futa mkasi kwa spiriti, kisha ukate hadi ufike palipo pagumu. Paka unga wa mdalasini kwenye vidonda pekee, maana hukausha, na mizizi mizima itaumia. Acha mmea kivulini siku nzima.

Chungu kipya kiwe kidogo, sm 10 au 12, cha plastiki inayoonyesha ndani, chenye matundu chini. Udongo usitie hata kijiko kimoja. Changanya vipande vya magome ya msonobari vya sm 1 hadi 2, sehemu nne, na makaa yaliyovunjwa kwa ukubwa huo huo, sehemu moja. Magome yalale majini usiku mzima kwanza, la sivyo maji yatateleza juu yake tu. Makumbi ya nazi yanafaa pia, ila yana chumvi, kwa hiyo yaloweke na kubadilisha maji mara tatu.

Baada ya hapo mizizi ndiyo itakayokuambia siku ya kumwagilia. Ikionekana ya rangi ya fedha na chungu ni chepesi mkononi, kitie kwenye beseni la maji dakika 10, kichuje vizuri, kisha ukirudishe. Miezi ya joto, Januari hadi Machi, itakuwa kama mara moja kwa wiki. Julai hata siku 12 zinaweza kupita. Maji yakiingia katikati ya majani yafyonze kwa tishu, kwani hapo ndipo jani jipya hutokea na pakioza mmea umekwisha. Majani ya zamani huenda yasinyooke tena. Angalia ncha mpya za mizizi, zikitokea, umeuokoa.

Yangu ina majani ya kijani kilichokolea, mazuri sana, lakini mwaka wa pili huu haijatoa ua. Naiweka sebuleni, karibu na TV. – Msomaji, Kasarani

Kijani hicho kilichokolea ndiyo dalili ya njaa ya mwanga. Isogeze kwenye dirisha la mashariki ipate jua la asubuhi hadi kama saa tatu. Jua la adhuhuri huunguza jani, likaacha baka jeupe ambalo baadaye huwa jeusi.

Kisha inahitaji usiku wa baridi kidogo, nyuzi 16 hadi 18, kwa wiki tatu au nne. Baridi ya Juni na Julai hapa Nairobi inatosha kabisa kufanya kazi hiyo, mradi mmea ukae ndani karibu na dirisha. Ukiulaza kwenye baraza, usiku huo hushuka kuelekea nyuzi 10 na utaumia. Shina la maua huchomoza kati ya majani likiwa bapa kwa ncha, mfano wa kidole gumba ndani ya glavu. Mzizi una ncha ya mviringo inayong'aa. Likishatokea, usizungushe chungu, maana litajipinda kufuata mwanga. Na usiweke ndizi zinazoiva karibu: hewa inayotoka kwenye matunda hupukutisha vichipukizi vya maua kabla havijafunguka.

Natumia maji ya kisima cha kuchimbwa. Mizizi imepata ukoko mweupe. – Rongai

Hiyo ni chumvi, na huchoma ncha za mizizi. Kuchemsha maji hakuiondoi. Kinga maji ya mvua kwenye pipa lenye kifuniko na uyatumie hayo kwa okidi pekee. Mbolea iwe ya kuyeyusha, 20-20-20 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa), nusu gramu kwa lita moja: mwagilia mara tatu maji yenye mbolea, ya nne maji matupu mengi ya kusuuza. Mbolea za DAP na CAN ziacheni shambani.

Je, naweza kung'oa okidi ya porini niipande nyumbani? – Msomaji, Karen

Hapana, dada. Hunyauka nyingi zikihamishwa, na msitu unabaki mtupu. Ukitaka ya kukaa nje, ulizia Cymbidium kwenye vitalu vya miche. Hiyo inapenda usiku wa baridi wa huko kwenu, na bila baridi hiyo haitoi maua.